Mama Agar na Beseni ya Patron Ésaïe

Mama Agar alikuwa mwanamuke wa kuogopa sahani tupu. Siongei juu ya njaa. Njaa alikuwa anaijua tangu utoto. Naongea juu ya sahani ya mutu mwingine. Ukimutumia mboga katika sahani yako, hakuwa na uwezo wa kuirudisha bila kitu ndani. Kama hana kitu, ile sahani ilikuwa inabaki ku kona ya jiko, safi, imefunikwa, siku mbili, siku tatu, mpaka apate ata mayai mawili, ata kitunguu kimoja. Njo vile mama yake alimulea kule Kayna. Na siye bote ba kwetu tulilelewa vile, lakini bengi tulisahau. Yeye hakusahau.

Tena ile desturi ina upande wa pili, na ule upande njo unafanya isiwe muzigo. Mwenye sahani hapokei yote. Anachota kidogo na bidole, anaweka pembeni, kisha anasukuma ingine kwa yule mwenye kuleta na kusema: "Wasingya, mama, hii inatosha, peleka batoto bakule." Wasingya ni asante ya Kinande, luga yetu siye Banande. Vile mwenye kuleta anarudi na heshima yake, na chakula yake pia.

Mimi nilimujua ku Beni, mu Bungulu, mwezi wa kwanza wa mwaka 2003. Ilikuwa wakati batu ba barabara ya Mambasa balikuwa banafika kila siku na magodoro ku kichwa, banakimbia vita. Balilala mu nyumba za masomo, mu makanisa, mu baraza za butiki. Kazi yangu ilikuwa kuziba matundu ya sufuria na mabeseni. Natembea na mufuko wa mukaa na chuma yangu ya kuchomea. Fasi sufuria inavuja, njo fasi nakula.

Alikuja na sufuria yake mukononi. Mwembamba, miaka kama makumi tano, na nyuma yake binti yake Débora, mwenye hakujua kunyamaza.

"Muzee, uzibe hii. Franka sina. Nitakupikia."

"Utanipikia na nini, mama, na sufuria njo hii iko na tundu?"

Débora akacheka. "Uzibe kwanza, muzee. Unataka tukupikie mu kofia yako?"

Nikaziba. Saa ya muchana bakanitumia ndizi tatu za kuchemsha mu bakuli ya bati. Nikakula, nikaosha bakuli, nikaweka ndani chumvi yangu yote, kama konzi moja. Mama Agar akaangalia ile chumvi, akachota kidogo na bidole bitatu, ingine akanisukumia.

"Weye unatembea, muzee. Utaihitaji ku njia."

Tangu siku ile nilikuwa napita kubasalimia.

Njo alinionyesha mufuko wake. Ulikuwa wa kitambaa kizito, umeshonwa mara mbili, na ndani yake maharagi ya mbegu, kilo mbili na kitu. Maharagi madogo ya kupanda ku miti, rangi ya udongo mwekundu, na mustari mweupe unazunguka jicho. Mama yake alimupa siku ya ndoa, wakati alitoka Kayna kufuata bwana yake kule chini mu pori. Miaka makumi mbili na munane alikuwa anapanda ile mbegu, anavuna, anakula, na kila mwaka anaweka ingine pembeni. Mwaka wa njaa alikula mizizi, mbegu hakugusa.

Siku vita ilifika mu kijiji yao, bwana yake alirudi nyuma kufungua mbuzi. Hakuonekana tena. Mama Agar alifunga ile mbegu ku mugongo na kikwembe, sawa mutoto, akashika Débora mukono, bakaingia mu miti. Ku bariere moja, fasi askari banafunga njia, soldat akauliza: "Mutoto anagonjwa nini, mbona halii?" Akajibu: "Analala, papa." Yule soldat akasogea mbali, akifikiri mutoto ana surua ya kuambukiza. Njo vile mbegu ilipita.

"Nyumba, bitanda, mbuzi, yote ilibaki," aliniambia. "Na baba ya Débora alibaki. Hii njo nilitoa."

Ku Beni milio ya bunduki ilikuwa inasikilika tena, basi bakaendelea na miguu mpaka Butembo, siku mbili. Mimi nikafuata kisha wiki moja kupita, juu batu benye sufuria balikuwa banaenda kule.

Nilibakuta mu Bulengera, kwa mwanamuke mumoja anaitwa Kyakimwa, mujane sawa Mama Agar. Kyakimwa alibapatia jiko yake balale ndani, na kilima kiko nyuma ya nyumba balime pamoja.

"Udongo niko nao, na majembe mbili," Kyakimwa alisema. "Mbegu sina. Mwaka jana bei ilipanda, tukaipika, tukaikula yote. Panda yako, Mama Débora, tutagawanya mavuno nusu kwa nusu. Lakini mvula iko karibu. Mu wiki mbili lazima iwe mu udongo, kama hapana, tutaangalia kilima na macho mpaka mwezi wa kenda."

Basi yote ilikuwa mu ule mufuko: chakula ya miezi sita ya nyumba mbili, na fasi ya kulala ya mutu mwenye hakuwa na fasi. Nilibaona banalima. Kilima kikali, mutu anasimama na muguu mumoja juu, mumoja chini. Débora alikuwa ananung'unika na kuimba kwa wakati mumoja.

Sasa niongee juu ya Patron Ésaïe.

Sitasema uongo juu ya batajiri ba Butembo. Serikali ilikuwa mbali, na kamyo zao kubwa za muzigo njo zilileta sabuni na chumvi wakati hakuna mwingine alileta. Bengine balitoa mazuti, mafuta ya masini, juu ya kutengeneza barabara. Batu banabishanaka sana mu kasikisi, pombe ya ndizi: tajiri mukubwa, yule mukubwa kabisa, anaweza kupana kweli na roho yake? Mimi nilikuwa nasema ndiyo. Nilikuwa nasema, mutu mwenye shiba hana sababu ya kushika. Sijui nilitoa wapi ile akili. Leo bakiniuliza naona beseni moja ya maua, na sisemi ndiyo tena.

Patron Ésaïe alikuwa na depo, gala ya bitu ya kuuza, katikati ya muji, na nyumba ya etaje, ya gorofa, na gari mbili. Mutu munene, sauti nyororo, anasalimia kila mutu na mikono mbili. Alisikia bakimbizi banajaa mu Bulengera, akasema atabasaidia. Bakaandika majina ya bamama mu kanisa moja ya pale. Siku ya posho ikafika: viti ya plastiki, wimbo, mupiga foto na masini yake ku shingo. Mama mumoja mumoja anaitwa, anapewa beseni mupya ya maua mekundu, ndani bunga ya mahindi kilo tano na kapakiti ka chumvi. Anapiga magoti, mupiga foto anapiga, ingine anakuja.

Patron Ésaïe akasimama. "Bamama bangu, mimi si mutu wa siasa. Mimi ni mutoto wenu. Nikikula na nyinyi hamukuli, chakula inanikwama hapa." Akashika koo yake. Batu bakapiga mikono. Na mimi nilipiga.

Kisha Kambere, mutunza-depo wake, akatangaza: "Bamama, bunga ni yenu. Mabeseni ni ya depo. Siku ya tatu muyarudishe, kuko bengine banangojea."

Kufika nyumbani, Kyakimwa akafungua ile bunga, akanusa, akageuza uso. Ilikuwa na harufu ya gunia ya zamani yenye kulowana, na badudu badogo beusi balikuwa banatembea ndani bila haraka, sawa benye nyumba.

"Hii ililala mu depo tangu Noeli ingine," Débora akasema. "Alikosa wa kuiuzia."

"Nyamaza," mama yake akasema. "Bunga ni bunga. Utachunga."

Bakachunga, bakaanika ku jua, bakakula. Ilikuwa chungu, lakini bakakula.

Siku ya pili mu Bulengera bamama bote balikuwa na shida moja, na unaweza kucheka kama haukuzaliwa kwetu. Beseni irudi na nini? Mutu alikupatia kilo tano za bunga. Utamupelekea beseni tupu, utapita njia na ile uchi mukononi? Hakuna mumoja alifikiri vile. Mumoja aliuza kitambaa cha kichwa, akanunua mayai. Mwingine alienda kulima kwa batu siku muzima juu ya kupata maboga mawili. Mwingine akafunga kuku yake ya mwisho miguu. Batu balitoka mu moto na mikono mitupu, na sasa balikuwa banatafuta zawadi ya kumupelekea tajiri.

Mama Agar alizunguka Bulengera yote, hakupata kazi. Mangaribi akafungua mufuko.

Mimi nilikuwa pale, nimekaa ku kizingiti. Débora alirukia mukono ya mama yake.

"Mama! Una kichaa? Ile ni mbegu!"

"Nitaweka nini? Majani?"

"Weka majani! Weka mawe! Yule mutu ana magunia mpaka inagusa bati! Atafanya nini na maharagi yako?"

"Njo maana. Ana yote. Atachukua punje tatu, ingine atanirudishia. Nitarudi nayo saa tano, saa sita tunapanda."

"Na kama hatarudisha?"

Mama Agar akamuangalia sawa mwenye kuambiwa kama mutu anaweza kula biatu. "Débora. Ni Munande. Ana mama. Mama yake alimufundisha."

Kyakimwa alisikia yote. Alikuwa ameshika jembe, anafuta udongo na kidole. Kisha akasema polepole: "Weka nusu, Mama Débora."

Akaweka nusu. Lakini ile beseni ilikuwa kubwa, na kwetu zawadi lazima ifunike chini ya chombo. Maua ikionekana, ni sawa kumuambia mutu: nilikuhesabia. Maua ilionekana. Akaongeza kidogo. Ikaonekana tena upande. Akamimina mufuko muzima, akatandaza na kiganja. Maua ikafunikwa, lakini kwa shida.

Ile siku ya tatu mimi pia nilikuwa mu lupango, ule uwanja wenye ukuta wa depo. Nisifiche: Kambere aliniita kuziba mabeseni ya zamani ya patron, yenye kuchubuka, na nilikuwa nalipwa. Nilikaa na mukaa yangu karibu ya mulango, nikaona yote.

Bamama balipanga mustari mpaka ku barabara. Kila mumoja na beseni yake ku kichwa, imefunikwa na kitambaa safi. Kambere alikuwa amepanga magunia wazi: moja ya maharagi, moja ya biazi, kikapo ya mayai, na pembeni kuku zimefungwa kamba moja. Nikafikiri: huyu anajitayarisha kuchota kidogo kidogo, basi bitu bitajaa juu batu ni bengi. Mama wa kwanza akashusha, akafunua. Kambere akashika beseni, akamimina yote mu gunia, akapiga chini ya beseni na mukono ili punje za mwisho zitoke, akaiweka juu ya zingine.

"Mwingine!"

Yule mama akabaki amesimama. Mikono yake ilikuwa mbele, wazi, inangojea. Mwenye kufuata akamusukuma kidogo. Akaenda, akigeuka geuka nyuma.

Vile vile wa pili. Vile vile wa tatu. Kuku ya mwisho ya yule mwingine ikatupwa na zingine, ikapiga kelele mara moja. Bamama balikuwa banainamisha kichwa, banaenda. Haya ilikuwa yao, si ya depo. Nilikaza macho ku moto wangu.

Mama Agar akafika. Akashusha beseni, akafunua.

"Patron eko wapi? Hii ni yake ya kuonja."

"Leta tu, mama."

"Ngojea, mutoto wangu. Chukua yake kidogo, utie mu karatasi. Ingine ni mbegu, mvula iko inakuja."

Kambere ni Munande sawa siye. Alijua. Uso yake ikashuka. "Mama, patron alisema tumimine yote."

"Yote?"

"Yote, mama. Samahani."

Na akamimina. Nilisikia sauti yake, zile maharagi zikiingia juu ya zingine, sawa mvula fupi ku bati. Miaka makumi mbili na munane ikaingia mu gunia, na Kambere akapiga chini ya beseni na mukono.

Patron Ésaïe alitoka saa ile ile, na bageni babili ba suti na yule mupiga foto. Akaona magunia, akafungua mikono.

"Munaona? Munaona batu bangu? Bakimbizi! Hawana kitu, na bananiletea chakula. Njo mapendo hii. Mutu hawezi kununua hii."

Mama Agar akamukaribia, akainama, akashika mikono yake mbili vile desturi inataka.

"Papa, wasingya juu ya bunga. Papa, nilileta maharagi ya kuonja. Ni mbegu ya mama yangu. Uchukue yako, unirudishie ingine nipande. Sina ingine."

Patron akacheka kwa upole, sawa mutu anacheka na mutoto.

"Mama, ulinipatia ao haukunipatia?"

"Nilikupatia, papa."

"Basi. Mimi nilikuomba?"

"Hapana, papa. Haukuomba."

"Munasikia? Sikuomba." Akageukia bageni. "Tulifanya hii posho mara tatu, mara zote balileta. Mara ya kwanza nilishangaa. Sasa Kambere anatayarisha magunia mbele, kabla bafike."

Anatayarisha magunia mbele. Nilisikia lile neno na masikio yangu, chuma mukononi. Alijua kama hawawezi kurudisha beseni tupu. Alijua nusu ya desturi yenye kujaza depo, na nusu ingine, ya kurudisha, aliacha ku kaburi ya mama yake. Njo maana mabeseni ilikuwa kubwa vile. Njo maana aliomba yarudi.

"Papa," Mama Agar akasema, "naomba basi nichague. Yangu ina mustari mweupe. Nitakaa hapa chini, nitachagua punje kwa punje, sitagusa ya batu."

"Mu gunia ya kilo mia? Mama, kamyo inapakia saa nane, inaenda Beni. Ku Beni sasa maharagi ina bei." Akaona machozi ku macho yake, akaona bageni banaangalia. "Kambere! Mupatie kopo moja. Mimi sipendi mama alie mbele ya mulango yangu. Mupatie, ni zawadi yangu."

Kambere akachota kopo moja ku gunia, akamimina mu bakuli ndogo ya depo, ya maua pia. Patron akaichukua, akaipana yeye mwenyewe na mikono mbili. Mupiga foto akasogea.

"Mama, angalia hapa. Angalia patron. Njo vile."

Na akapiga.

"Bakuli utarudisha," Patron Ésaïe akasema.

Sikumaliza ile siku. Niliweka chuma mu maji, nikafuata Mama Agar. Alikuwa amekaa kando ya barabara, pikipiki za taxi zinapita na kumurushia tope, bakuli ku magoti, anachagua. Maharagi ya manjano, ya madoadoa, meusi, makubwa ya kupikia, mengine yenye kutobolewa na badudu. Yake anaweka mu kiganja. Alipomaliza, mu kiganja yake mulikuwa punje kumi na tisa.

Débora aliona kumi na tisa, akafungua kinywa, akakifunga. Ni mara moja tu nilimuona ananyamaza. Kyakimwa akachukua zile punje, akazitia mu kikombe ya chai, akaziangalia muda murefu.

"Tutapanda hizi kando kando ya jiko," akasema. "Zile za gunia tutapanda ku kilima, zile hazikutobolewa. Zikikataa, zimekataa. Mutalala hapa hapa, Mama Débora, usiniangalie vile."

Kilima kilikuwa kimelimwa chote, nyeusi, tayari. Bakapanda mistari mitatu, maharagi ikaisha. Mvula ikaanza siku ya pili yake. Ile mvula nzuri, ya kuingia chini, ikanyeshea udongo mutupu.

Bakuli ya depo ilibaki ku kona ya jiko. Siku moja, siku mbili, siku tatu, safi, imefunikwa. Débora alishindwa kuvumilia.

"Uitupe mu choo, mama! Ao tubakie nayo! Ametuibia mbegu!"

"Si yangu. Itarudi."

"Irudi na nini tena? Na mafuta ya mugongo yako?"

Mama Agar akafunika bakuli tena. Siku ya ine, asubui, akachukua majivu, akasugua ile bakuli ndani na inje mpaka maua ikang'aa. Akajifunika ku mabega kikwembe yake ya pekee, ile ile ya kubebea mbegu. Akatoka. Mimi nilikuwa nimerudi mu depo kuchukua mukaa yangu na franka ya siku yenye kubaki, na nilimuona anaingia ku mulango. Hakufunika bakuli. Aliibeba mbele yake, wazi, na mikono mbili, kila mutu aone ndani.

Kambere alikuwa amekaa ku kiti. Akaona. Akasimama polepole, kofia akaitoa ku kichwa, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamugusa. Bapakizi babili ba magunia, benyeji ba kwetu, bakaacha kazi. Mumoja akasema kwa Kinande, chini chini, neno ya kuomba Mungu.

Sababu kwetu kurudisha chombo tupu mukononi mwa mwenyewe, muchana, mbele ya batu, ni kumuambia: kwangu wewe si mutu tena. Sikuwa nimeona mutu anafanya vile, na nimetembea sana.

Patron Ésaïe alikuwa ku mulango ya biro, ofisi yake, anaongea na telefoni, ile nzito ya satelite. Mama Agar akasimama mbele yake. Akanyoosha bakuli.

Akangojea amuangalie. Patron akamuangalia. Akapokea bakuli na mukono mumoja, akatazama ndani, akaigeuza juu chini. Akatoa telefoni ku sikio kidogo.

"Asante, mama. Vizuri, umeosha." Kisha akaninyooshea mimi ile bakuli. "Muzee, angalia kama haina tundu."

Na akarudi ku telefoni yake.

Nikaipokea, juu mukono unapokea mbele ya akili. Haikuwa na tundu. Nikaiweka chini ku udongo, nikachukua mukaa yangu, ile franka sikuiuliza. Kambere alikuwa angali ku ukuta, kofia mukononi, anaangalia patron yake sawa mutu mwenye kuona kitu ndani ya chakula.

Nilimukuta Mama Agar inje ya lupango. Alikuwa ameinama, mukono ku ukuta, na alikuwa anatapika, maji tu, juu hakukuwa kitu mu tumbo. Nilimushikia kichwa. Alipomaliza akafuta kinywa na pembe ya kikwembe.

"Sijafanyaka ile, muzee. Tangu nizaliwe."

"Najua, mama."

"Nilifikiri ata nitakufa pale. Nilifikiri atanilaani, ao atanipiga, ao atalia." Akaangalia mikono yake, mbele, nyuma. "Nimemurudishia tupu, na yeye ananiambia asante."

Mvula ikaanza tena, nyembamba. Kisha akafunga kikwembe ku kichwa, akasema lazima arudi mbio, juu udongo ukilowana kuku za Kyakimwa zinaenda kufukua kando ya jiko, na kule kuna punje kumi na tisa.